Kuiga au Kubuni: Deni la Fundi Mdogo



Kuna methali mbili za Kiswahili ambazo nimezisomesha miaka mingi bila kuona kwamba zinagombana. Ya kwanza inasema: mwana hutazama kisogo cha nina. Maana yake, mtoto anajifunza kwa kufuata mwendo wa mama yake. Ya pili inasema: mwiga tembo hupasuka msamba. Maana yake, anayeiga yale asiyoyaweza atajiumiza mwenyewe. Sasa kijana wetu anayefungua leo biashara ndogo ya kompyuta, ya simu au ya sola, ashike ipi? Aige kazi aliyoiona kwa wengine, ama abuni ya kwake?

Mtu anaweza kusema hilo ni swali la wafanyabiashara, si la kitabu hiki cha mila. Miye nami niliwaza vile. Kisha vijana wawili niliowasomesha walikuja nyumbani kwangu wakiwa wamekasirikiana, wakaniomba niwaamue. Nilishindwa. Maandiko haya ni jibu langu la kuchelewa.

1. Kesi yenyewe

Sitataja majina yao. Nitamwita wa kwanza Mkubwa, kwa kuwa alimtangulia mwenzake shuleni, na wa pili Mdogo.

Mkubwa alimaliza masomo ya kompyuta, akakosa kazi. Akafungua kachumba hapa Bukavu, kompyuta mbili na mashine moja ya fotokopi. Mchana alichapa barua za watu. Usiku alikuwa anaandika programu ya kusaidia shule: mzazi akileta minervali, ekonomu anaandika jina la mtoto, programu inatoa risiti, na jioni prefe anaona nani amelipa na nani bado. Ilimchukua karibu miaka miwili. Mara ngapi umeme ulikatika na kazi ya usiku mzima ikapotea, yeye mwenyewe hakumbuki. Mama yake aliuza vikwembe vyake vya akiba ili anunue betri.

Shule chache zilikubali, za msingi na za sekondari. Mu Septemba 2019, masomo ya msingi yakawa ya bure katika shule za serikali. Ilikuwa furaha kwa wazazi, na miye pia ni mzazi. Lakini zile shule za msingi hazikuwa tena na minervali ya kuandika. Mkubwa akabaki na za sekondari tu.

Mdogo alikuwa msaidizi wake. Alibeba begi, alizunguka shuleni kuweka programu, alieleza maekonomu namna ya kuitumia. Baada ya miezi minane akaaga kwa heshima. Muda si mrefu akatokea na programu yake mwenyewe. Ilifanya kazi ileile, ila mu simu, hata umeme ukikosekana. Tena ilimtumia mzazi ujumbe mara tu alipolipa. Bei ilikuwa nusu. Shule zikaanza kuhama moja baada ya nyingine.

Mkubwa akaniambia: «Prof, ameniiba.»

Mdogo akajibu: «Prof, miye sikumwibia kitu. Kompyuta yake iko kwake, programu yake iko kwake. Miye nilitazama tu, nikafanya ya kwangu. Si njo vile mlitufundishaka? Tazameni ubao, mfanye sawa vile?»

Neno hilo lilinichoma. Ni kweli kwamba mwaka mzima ninawaambia wanafunzi waandike yale yaliyo ubaoni bila kugeuza hata nukta, kisha mu mtihani ninampa sifuri yule aliyekopia kwa jirani yake. Sikuwahi kuwaeleza tofauti iko wapi. Pengine sikuijua.

2. Kuiga ni mlango wa akili

Tuanze kwa kumtetea Mdogo. Aristoteli, mwanafalsafa wa Ugiriki, aliandika kwamba binadamu anapita wanyama wote kwa kuiga, na kwamba masomo yake ya kwanza anayapata kwa njia hiyo. Mfaransa Gabriel Tarde, katika kitabu chake cha mwaka 1890 juu ya sheria za kuiga, alienda mbali zaidi: jamii yote inasimama juu ya kuiga, na jambo jipya linazaliwa pale ambapo mambo mawili yaliyoigwa yanakutana mu kichwa cha mtu mmoja.

Lakini hatuna haja ya kwenda mpaka Ugiriki. Kule Katanga, kwenye ziwa Upemba na mto Lualaba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta mu makaburi misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama pesa. Wameonyesha kwamba, karne baada ya karne, misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kufanana. Jambo hilo lina maana. Pesa haitaki fundi wa kujionyesha. Kama kila mwenye tanuru angebuni msalaba wa umbo lake, nani angekubali kuupokea sokoni? Pale, kuiga kwa uaminifu ndiko kulikofanya shaba iwe na thamani kwa wote.

Na kwetu katika ukoo, baba yangu mkubwa alituhadithia habari za babu yake mhunzi. Kijana aliyetaka ufundi hakuanza na nyundo. Alianza na mivuo, kupuliza moto, miezi na miezi, macho yakitazama mikono ya mwalimu wake. Jembe lake la kwanza lilipaswa kufanana na la mwalimu mpaka hata mke wa mwalimu asijue lipi ni la nani. Hakuna aliyeita hilo wizi. Liliitwa kufuzu.

Basi anayemdharau kijana kwa kuwa ameiga, anadharau shule, anadharau uhunzi, anadharau na lugha anayosema, kwa maana hata lugha tuliiga mu mdomo wa mama.

3. Hata kubuni kunaanza kwa kuiga

Watu wengi wanafikiri kubuni ni kuota kitu kisichokuwako, sawa radi. Tutazame mifano tunayoiona kwa macho.

Mfano wa kwanza ni chukudu ya Goma. Inatengenezwa kwa mti wa mkaratusi, magurudumu ni ya mbao yakivikwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu, na inabeba mamia ya kilo za makaa, viazi au makabichi kutoka milimani. Ilianza kuonekana katika miaka ya 1970. Kitu gani ndani yake ni kipya? Gurudumu ni la zamani, usukani ni wa baiskeli, mpira ni wa gari. Upya ni kuviunganisha kwa ajili ya njia yetu ya mawe, mfuko wetu usio na pesa ya mafuta, na mti unaoota kwetu. Leo sanamu kubwa ya chukudu, ya rangi ya dhahabu, imesimama mu mji wa Goma. Sijakutana na fundi wa chukudu anayemlipa mtu haki ya kuwa yeye ndiye wa kwanza. Kila fundi aliiga, na kila fundi aliongeza kidogo.

Mfano wa pili unapita mbele ya milango yetu kila siku: gari la Toyota. Sakichi Toyoda, Mjapani, alikuwa fundi wa mashine za kufuma nguo. Mashine yake ya mwaka 1924 ilikuwa nzuri mpaka mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ikanunua haki ya kuitengeneza. Kisha mwana wake Kiichiro akataka kutengeneza magari. Alifanya nini? Yeye na watu wake walifungua gari la Kimarekani la Chevrolet, wakalisoma kipande kwa kipande, na gari lao la majaribio la mwaka 1935 lilikuwa na injini iliyofuata ile. Kampuni ya magari ikaanzishwa mwaka 1937. Ukoo uleule ulibuni mpaka Waingereza wakanunua, ukaiga mpaka ukajua, kisha ukabuni tena. Wenyewe hawakuona haya.

Mfano wa tatu ni M-Pesa, iliyoanza Kenya mu Machi 2007. Katika majaribio, ilikusudiwa kusaidia watu kulipa mikopo midogo. Watumiaji wenyewe ndio walioonyesha haja nyingine: kutumiana pesa wao kwa wao, mu mji na kijijini. Na hapa kwetu, kabla ya huduma hiyo kufika, nani hakutuma unite kwa jamaa yake ili azigeuze pesa? Ubunifu ule mkubwa ulichukua desturi ambayo watu walikuwa nayo, ukaipa kitabu na kufuli. Kongo tuliipata mwaka 2012. Na mwaka 2025, mabanki ya Goma na Bukavu yalipofunga milango kwa sababu ya vita, ni kwa simu watu wengi walipata chakula.

4. Msamba unapasukia wapi?

Kama kuiga ni kuzuri hivi, mbona methali ya pili? Kwa sababu kuna kuiga kunakoona, na kuna kuiga kipofu.

M-Pesa hiyohiyo ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010. Mwaka 2016 ilifungwa. Kule watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki na njia nyingine za kutuma pesa. Walichukua dawa, hawakuuliza kama mgonjwa ni yuleyule.

Hapa kwetu nina mfano mdogo zaidi. Kwenye barabara ninayopita kwenda shuleni, mama mmoja alifungua kabini ya unite na ya kutuma pesa. Akapata wateja. Mwezi uliofuata zikawa tatu. Leo nimehesabu kumi na moja, mwavuli kwa mwavuli, meza kwa meza. Faida ya kazi ile ni ndogo, na watu wa barabara ile hawakuongezeka. Kile kilichomlisha mama mmoja kimegawanywa mara kumi na moja, sasa hakuna anayeshiba. Hakuna aliyemwibia mama yule kitu. Lakini hakuna pia aliyejiuliza: ng'ambo ya pili, kule kwenye mtaa mpya, nani anawatumia pesa?

Hapo ndipo biashara ndogo inapotofautiana na kampuni kubwa. Kampuni kubwa ikiiga na kukosea, inafunga mlango mmoja na kuendelea na mingine. Fundi mdogo hana mlango wa pili. Kubuni kunaweza kumwangusha sawa vile Mkubwa alivyopoteza shule za msingi kwa siku moja bila kosa lake. Kuiga nako kunaweza kumwangusha, kwa kuwa wote wanaiga kitu kilekile, mahali palepale, mpaka bei inashuka chini ya gharama. Kwa hiyo kuuliza «kuiga ama kubuni?» ni sawa kumuuliza mkulima «mvua ama jua?» Ulizo lenye maana ni jingine: umechukua kwa nani, umeongeza nini, na umemwachia nini uliyechukua kwake?

5. Mbuzi, mto na jina

Narudi kwa mhunzi wa ukoo wetu. Baba yangu mkubwa alisema kwamba siku ya kijana kufuzu, mambo matatu yalifanyika. Kwanza, alileta mbuzi na pombe kwa mwalimu wake: shukrani yenye uzito, si ya mdomo tu. Pili, aliambiwa: «Nenda ujenge tanuru yako ng'ambo ya mto, si mu mlango wangu.» Tatu, aliagizwa: «Mtu akikuuliza ulijifunzia wapi, taja jina langu.»

Nilipokuwa mtoto nilidhani hiyo ni hadithi ya mbuzi. Leo ninaona ni sheria yenye akili nyingi. Haikumkataza kijana kuiga. Kumkataza kungeua ufundi. Haikumpa mwalimu ufundi uwe wake peke yake milele. Kijiji kinahitaji majembe. Ilisema tu kwamba anayeiga ana deni, na ikaligawa mara tatu: malipo, nafasi na jina.

Sheria za serikali nazo ziko. Sheria ya tarehe 7 Januari 1982 inalinda uvumbuzi na alama za biashara. Ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi za watungaji. Na tangu Machi 2023 nchi ina sheria kubwa ya mambo ya kompyuta na intaneti. Ni vizuri vijana wazijue. Lakini tuseme ukweli: mwenye kachumba ka fotokopi hapa, atasafiri mpaka Kinshasa na karatasi zake kwa pesa gani? Tena, kwa kawaida sheria za watungaji zinalinda maandiko yenyewe, si wazo. Mdogo hakunakili hata mstari mmoja wa programu ya mwenzake. Mbele ya hakimu, labda angeshinda.

Ndiyo maana dhamiri haiwezi kumwachia sheria kazi yote. Kuna kitu ambacho si kinyume cha sheria, na bado mtu hawezi kukifanya na kumtazama mwenzake usoni.

6. Baraza la wazee

Jamaa zote mbili zilikutana kwenye parsele ya mjomba wa Mkubwa. Kasiksi ilikuwapo, lakini haikufunguliwa kabla ya maneno kwisha. Miye niliitwa kama mwalimu wao wa zamani.

Mama mmoja mzee, ambaye sidhani aliwahi kugusa kompyuta, alimwuliza Mdogo: «Mwanangu, ile kazi uliijua kwa macho yako, sawa. Zile shule, ulizijua kwa macho ya nani?»

Mdogo akanyamaza. Kisha akakiri: majina ya shule, namba za maprefe, bei ambazo kila shule ililipa, alivitoa katika daftari la Mkubwa. Hapo watu wote waliona mstari uko wapi. Kutazama mikono ya mwalimu ni kujifunza. Kufungua kapu lake na kuchukua majembe aliyokwisha kuagizwa ni jambo jingine.

Lakini yule mama hakumwacha Mkubwa. «Na wewe, huyu mdogo wako hakukuambia lolote juu ya simu?» Mkubwa akainamisha kichwa. Ndiyo, mara mbili Mdogo alimwambia: «Yaya, tuweke mu simu, maekonomu wanalalamika juu ya umeme.» Alimjibu kwamba programu imekamilika, na msaidizi hafundishi bwana wa kazi. Mbunifu wa jana alikuwa amegeuka mlinzi wa sanamu yake.

Wazee walikata hivi. Programu ya simu ni ya Mdogo, kwa kuwa aliongeza jambo la kweli. Kwa shule tatu alizozitoa katika daftari, atamgawia Mkubwa nusu ya malipo ya mwaka ule. Wateja wapya atawatafuta ng'ambo ya mto, kule Kabare na Walungu ambako Mkubwa hakufika. Na akiulizwa, ataje alikojifunzia. Kisha kasiksi ikafunguliwa.

Sitawadanganya kwamba wote walirudi na furaha. Mkubwa aliniambia njiani: «Prof, nusu ya mwaka mmoja hairudishi miaka miwili. Hairudishi vikwembe vya mama.» Sikuwa na la kumjibu. Ana haki. Mila ya mhunzi ilizaliwa zamani ambapo kujifunza jembe kulichukua miaka, na mwalimu alikuwa na muda wa kula matunda yake. Leo kazi ya miaka miwili inaigwa kwa miezi michache. Mto umekuwa mwembamba. Kama hatupani ulinzi mwingine, nani atakesha usiku tena?

7. Na sisi wanunuzi?

Kuna jambo sikulisema barazani, na ninalisema hapa kwa haya. Moja ya shule zile tatu ni shule ninayofundisha. Mkubwa alituletea programu yake kwanza sisi, kwa heshima ya kuwa alisomea pale. Mdogo alipokuja na bei ya nusu, tulikaa, tukapiga kura kwa mikono. Wangu uliinuka kati ya ya kwanza. Hakuna aliyesema: tumwite kwanza Mkubwa, tumpe muda atengeneze ya simu. Jioni ileile, nadhani, nilikuwa ninalalamika na wenzangu kwamba Wakongomani hawabuni kitu, wanaigaka tu.

Tunalaumu waigaji, lakini ni mkono wetu unaowalipa. Kila mara tunapotafuta bei ya chini tu, tunamwambia kijana: usikeshe, ngoja mwenzako akeshe. Tangu kesi ile, nimeomba mu shule yetu jambo dogo: anayetuletea kitu kipya asikiwe wa kwanza tunapotaka kukigeuza au kukiacha. Limekubaliwa. Si mbuzi, lakini ni kamba ya mbuzi.

Basi, kijana unayesoma ukurasa huu, iga bila kuona haya. Fungua, tazama, jaribu mpaka mkono wako ujue. Lakini usifungue mwavuli wa kumi na mbili mu barabara ileile. Ongeza kitu kimoja ambacho watu wako wanakililia, hata kama ni kidogo sawa kipande cha mpira juu ya gurudumu la mti. Na wewe uliyebuni, usikatae neno la anayebeba begi lako. Pengine amebeba na kesho yako.

Juu ya wanafunzi wangu, sasa ninajua la kuwaambia. Anayeandika kutoka ubaoni anachukua kile alichopewa. Anayekopia kwa jirani mu mtihani anachukua jasho la mwenzake na kuliandikia jina lake mwenyewe. Sifuri ile si ya kuiga. Ni ya kuficha jina la mwenye kazi.